Usukani Ukicheza, Usianze na Boksi

Hapa Bukavu, dereva akifika garaji na kusema usukani wake unacheza, mara nyingi fundi hufungua boneti, hushika spana na bisibisi, na mkono wake huenda moja kwa moja kwenye ile skrubu iliyo juu ya boksi ya usukani. Anaizungusha kidogo, anakaza nati yake, dereva anajaribu usukani gari likiwa limesimama palepale, anaona kweli mchezo, yaani ule ulegevu, umepungua, analipa na kuondoka. Nimeliona jambo hilo Kadutu, nimeliona Nguba, nimeliona kando ya njia ya Panzi, na kila nikiliona napata hofu, kwa sababu najua gari lile kesho linaweza kuwa linashuka mteremko wa Ngomo. Skrubu ile ni ya kuguswa mwisho kabisa. Kabla ya kuifikia kuna viungo vingi vya kushikwa kwa mkono, kimoja baada ya kingine, na mara nyingi ugonjwa uko huko.

Gari ninalolizungumzia ni lile ninaloliendesha na kulitengeneza: Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ekseli nzima mbele (mhimili mmoja kutoka gurudumu hadi gurudumu), springi za bapa (vyuma bapa vilivyopangana), injini ya 1HZ ya dizeli yenye silinda 6 na lita 4.2. Mfululizo huo ulitoka mwaka 1984, injini ya 1HZ ikafuata 1990, na mwaka 1999 ndipo Toyota ilipoondoa springi za bapa kwenye ekseli ya mbele ya zile kubwa za kazi na kuweka za koili. Za kabla ya hapo bado ziko barabarani huku kwetu. Nyingi zilikuja na mashirika, zikauzwa zikiwa zimechoka, na leo zinabeba magunia, wagonjwa na abiria kwenda Walungu, Mwenga, Kamituga, Bunyakiri. Mwenye Nissan Patrol ya zamani yenye ekseli nzima naye atajikuta humu, maana sehemu ya mbele ya magari haya mawili inafanana kwa mengi.

Barabara ya taifa namba 5 inatoka Bukavu, inapita Nyangezi, kisha inashuka Ngomo hadi Kamanyola kwenye bonde la Ruzizi. Njia ni nyembamba, huku mlima, huku korongo, na ukikutana na lori linalopanda lazima mmoja wenu asogee mpaka ukingoni. Wengi wenye uwezo hupitia Rwanda, kwenye lami, ili kuikwepa. Anayepita Ngomo anahitaji gari linalokwenda pale anapolielekeza. Usukani uliolegea haukupi hilo. Unageuza, tairi halijibu. Unaongeza, na gari linageuka ghafla kuliko ulivyotaka. Ubaya ni kwamba mwili huzoea. Dereva aliyekaa na gari hilo mwaka mzima huanza kusahihisha bila kujua, mikono yake haitulii hata kwenye njia iliyonyooka, na ukimuuliza atakuapia kwamba gari ni zima.

Kwa hiyo pima, usiulize. Vitabu vya ufundi vya Land Cruiser za zama zile vinaruhusu mchezo usiozidi milimita 40 kwenye ukingo wa usukani, magurudumu yakiwa yameelekea mbele. Bandika kipande cha utepe kwenye ukingo, shikilia rula mbele yake, washa injini kama usukani ni wa pawa, kisha usukume kwa kidole kwenda kushoto mpaka tairi litake kusogea, halafu kulia vivyo hivyo. Gari langu, siku nilipolinunua, lilipita kipimo hicho zaidi ya mara mbili, na aliyeniuzia alikuwa akilipeleka Mwenga na kurudi.

Namba hiyo inakuambia tu kwamba gari linaumwa, haikuambii wapi. Mchezo wa usukani ni jumla. Kardani ndogo ya nguzo ya usukani, kile kiungo cha kupinda kati ya nguzo na boksi, ina wake, boksi ina wake, rotuli nne, yaani viungo vya ncha za fimbo za usukani, zina wake, beringi za magurudumu na za kingipini (pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia) zina wake, bushi za springi zina wake. Ukitazama kimoja peke yake unaweza kusema si kitu. Ndiyo maana kukaza skrubu ya boksi kunadanganya: unapunguza sehemu moja ya jumla, dereva anaona nafuu, na kile kiungo kilichokaribia kuchomoka kinabaki vilevile.

Matairi kwanza, na hapa sitakaa sana. Upepo uwe sawa kushoto na kulia, nati za gurudumu zikazwe, na usichanganye mbele tairi za aina mbili. Nimeona watu wakibomoa ekseli kwa sababu ya tairi moja iliyokosa upepo.

Baada ya hapo ingia chini ya gari. Kazi hii inataka watu wawili: mmoja ndani, akichezesha usukani taratibu, kidogo kushoto na kidogo kulia, bila kufika mbali, mwingine chini. Magurudumu yawe ardhini, kwa sababu uzito wa gari ndio unaofanya viungo vionyeshe ukweli. Ukiinua gari, gurudumu huzunguka bila ubishi na kiungo kilichokufa huonekana kizima. Brekimkono ivutwe, mawe yawekwe nyuma na mbele ya matairi, na aliye ndani asifanye lolote bila kuambiwa na aliye chini, maana ile mikono ya chuma inaweza kukata kidole.

Niliyejifunza kwake kazi hii ni fundi mzee wa Kadutu ambaye sote tunamwita Papa. Mara ya kwanza nilipolala naye chini ya gari nilimuuliza kama nilete taa.

“Taa ya nini, mwanangu? Leta mkono.”

Akauweka mkono wangu juu ya rotuli ya fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda gurudumuni, vidole vikigusa kikombe na fimbo kwa pamoja, kisha akampigia kelele kijana aliye ndani achezeshe usukani.

“Unasikia?”

Nilisikia. Macho yalikuwa hayaoni kitu, kila kitu kilionekana kikienda pamoja, lakini chini ya vidole pini ilikuwa inapanda na kuegama ndani ya kikombe kabla fimbo haijasogea. Kulikuwa na mgongano mdogo, tik, kwenda, na tik nyingine kurudi. Papa akanisogeza kwenye rotuli ya pili, nikasikia kimya; kikombe na fimbo vilikuwa kitu kimoja. Ya tatu ilikuwa na tik yenye mafuta mafuta, nzito, ya rotuli ambayo grisi yake bado ipo ila kiti chake kimeanza kulika. Tangu siku hiyo sijatazama rotuli kwa macho tu. Nazishika.

Kwa wasomaji wa Dar na Mombasa, rotuli ninazozisema ni zile mafundi wenu wanazoziita tairodi endi. Gari hili lina nne: mbili kwenye fimbo inayotoka kwenye boksi, mbili kwenye ile ndefu inayofunga magurudumu mawili pamoja. Kwenye baadhi ya gari hizi fimbo ya kwanza haina rotuli ya kawaida bali ina springi na viti ndani ya bomba, vikibanwa na kizibo cha skrubu chenye kotapini, ile pini ya kukunja inayozuia kisifunguke. Hiyo hufunguliwa, husafishwa, hutiwa grisi na kurekebishwa, na watu wengi huitupa bila kujua kwamba ingeweza kupona.

Kung'oa rotuli kunafanywa vibaya sana huku kwetu. Mtu hulegeza nati, kisha hupiga nyundo kwenye ncha ya pini mpaka nyuzi zinavimba na kila kitu kinaharibika. Pini ile imekaa kwenye tundu lenye umbo la koni, na koni huachia ukiupiga ule mkono wenyewe ubavuni, si pini. Shika nyundo mbili, moja ikiegemea upande huu wa jicho la mkono, nyingine ipige upande wa pili, kavu, mara chache. Utasikia inaachia. Kabla ya kuitoa rotuli kwenye fimbo, hesabu mizunguko yake uiandike, ili mpya ikae karibu na pale ilipokuwa ya zamani. Ile fimbo ndefu ina nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, kwa hiyo usilazimishe.

Kuhusu rotuli mpya, sokoni kuna nzuri na kuna takataka, na maboksi yanaweza kufanana kabisa. Ishike kikombe, zungusha pini kwa vidole. Nzuri inakubali kwa ubishi, na ubishi ule unalingana pande zote. Ikiwa inaanguka yenyewe, au inakwama mahali fulani kisha inaachia, irudishe dukani. Kwa dereva wa milima hii, pesa ya rotuli nzuri ni pesa ya kwanza kutoka mfukoni, kabla ya rangi, kabla ya redio, kabla ya taa za juu.

Sasa inua ekseli kwa jeki, uiweke juu ya vigogo imara, na ushike tairi juu na chini. Sukuma na vuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, halafu rudia. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu, kwa sababu breki imefunga habu (kitovu cha gurudumu) na kifundo kinachoibeba pamoja. Mchezo ukibaki, tatizo liko nyuma ya habu: ni beringi za kingipini. Kipimo hiki hakigharimu hata faranga, na mafundi wengi wanafungua kila kitu bila kukifanya.

Beringi za gurudumu ni kazi nyepesi. Nati yake kubwa inataka soketi ya milimita 54, na tafadhali itafute, usiipige nati hiyo kwa patasi. Unakaza huku ukizungusha habu ili beringi zikae vizuri, unalegeza, unakaza tena kwa wepesi, unafunga kisahani chake. Basi.

Kingipini ndiyo moyo wa gari hili, na ndiyo inayosahauliwa. Ndani ya kile kifundo cha duara kwenye ncha ya ekseli kuna jointi inayopeleka nguvu gurudumuni, imezama kwenye grisi nzito. Sili ya ndani ya ekseli ikichoka, mafuta ya difu (gia za ndani ya ekseli) huvuja na kuingia humo, yanachanganyika na grisi, grisi inakuwa nyepesi na kutoka nje, halafu matope ya Mwenga yanaingia mahali pake. Ukiona kifundo kimelowa, kinang'aa weusi unaoteleza mpaka kwenye tairi, usiseme ni jasho la kawaida. Beringi mbili za kingipini, ya juu na ya chini, zinaoga humo.

Zangu nilipozifungua, kikombe cha chini kilikuwa na mistari iliyokaa sawasawa, iliyozama kwenye chuma kama alama za meno kwenye embe. Beringi hizi hazizungukii duara lote. Zinasogea kidogo tu kushoto na kulia, kwa hiyo kila shimo la barabara linapigia roli zake ndogo za chuma palepale, mwaka baada ya mwaka, hasa gari likiwa limenyooka. Matokeo yake ni usukani unaokataa kutulia katikati: unaushika sawa, wenyewe unatafuta shimo lake la kuangukia. Hakuna skrubu ya boksi itakayotibu hilo.

Unapobadilisha, chini ya mkono wa usukani na kwenye kifuniko cha upande wa pili utakuta visahani vyembamba vya chuma. Viweke kando kwa mpangilio, vya juu peke yake na vya chini peke yake, kwa sababu vinafanya kazi mbili: vinaweka kifundo katikati ya ekseli, na vinaamua beringi zibanwe kiasi gani. Kubanwa huko kunapimwa kwa kilo. Kitabu cha gari lako kinatoa kipimo, nawe unahitaji mizani ya kuning'iniza. Papa hutuma kijana kwa muuza nyama wa jirani akaazime yake. Ndoano inaingia kwenye tundu la mkono ambako rotuli hukaa, fimbo ikiwa imefunguliwa na sili za nje hazijarudishwa, unavuta kwa pembe mraba, unasoma pale kifundo kinapoanza kusogea. Ikisoma chini ya kipimo, punguza kisahani, ikizidi, ongeza. Nimemwona Papa akifungua na kufunga upande mmoja tena na tena mpaka mizani ikamridhisha, muuza nyama amesimama mlangoni anataka mali yake, na yeye hageuki.

Ukiwa hapo, tazama stadi (bolti zisizo na kichwa) na nati zinazoshika ule mkono wa usukani juu au chini ya kifundo. Nakusihi usizipite. Zina visahani vya koni vya kuzibana, na zikilegea kidogo, mkono huanza kucheza juu ya stadi, stadi zinachoka, kisha zinakatika moja baada ya nyingine. Ikikatika ya mwisho, usukani haujaunganishwa tena na gurudumu lolote. Dalili yake ya mwanzo ni kutu nyekundu ya unga kuzunguka nati, au rangi iliyopasuka kwenye maungio. Safisha nyuzi, badilisha stadi iliyovutika, kaza kwa spana ya kupima nguvu, kila moja sawa na mwenzake.

Kuna gari ambalo viungo vyote hivyo vimekaa imara na bado linayumba. Hapo tazama springi. Kwenye ekseli ya bapa hakuna fimbo ya kuizuia isiende pembeni. Kazi hiyo inafanywa na springi zenyewe na bushi zake. Bushi zikifa, unageuza usukani na ekseli yote inasogea upande kwanza, kabla tairi halijageuka. Mwenye kulala chini ataliona hilo wazi: chesi (fremu ya gari) inakwenda kulia, ekseli inabaki. Yubolti zilizolegea, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, nazo zinafanya vivyo hivyo, mbele na hata nyuma. Ekseli ya nyuma inayotembea juu ya springi zake inaligeuza gari pasipo ruhusa yako, na dereva huulaumu usukani.

Halafu kuna walioinua gari. Mtu anaongeza bapa mbele au anarefusha vishikio vya springi ili apite kwenye matope, ekseli inazunguka kidogo kwenda mbele, na ule mwegamo wa kingipini unaofanya gurudumu lirudi lenyewe katikati unapungua. Gari linakuwa jepesi usukanini na halishiki njia. Dawa yake ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, iliyopimwa vizuri, au kurudisha urefu wa mwanzo. Mimi nilirudisha wa mwanzo.

Sasa ndipo boksi. Kwanza bolti zake, na chesi inayoibeba. Safisha matope yote, osha kwa brashi na dizeli, kisha mwenzako achezeshe usukani ukiwa umeweka kidole kwenye mpaka wa boksi na chesi. Boksi ikipumua, kaza. Chesi ikionyesha ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti, gari lisimame mpaka ufa uchomelewe na mtu anayejua, kwa bati la kuimarisha. Angalia pia ile kardani ndogo kati ya nguzo na boksi. Bolti yake ya kubana hulegea, na kuikaza tu kunaweza kurudisha sehemu nzuri ya mchezo.

Skrubu yenyewe ina kazi halali. Ndani ya boksi kuna skrubu ndefu inayozunguka ndani ya nati inayotembea juu ya vigololi, na meno ya nati hiyo yanasukuma meno ya shafti inayobeba mkono wa nje. Skrubu ya juu inasogeza meno hayo yakaribiane. Kiwandani yamechongwa yabanane zaidi katikati, usukani ukiwa umenyooka, na yawe na nafasi kidogo pembeni. Kwa kuwa maisha yote ya gari ni kwenda mbele, katikati ndiko kunakolika. Ukikaza mpaka mchezo wa katikati uishe kabisa, pembeni ambako meno bado ni mazima yanabanana kupita kiasi. Kwenye kona usukani unakuwa mgumu, haurudi wenyewe, na vigololi vinatafuna njia yao. Fikiria hilo kwenye kona ya Ngomo: umeugeuza, unaachia, unabaki pale. Kwa hiyo ukifika kwenye skrubu, fimbo iwe imefunguliwa, usukani uwe katikati kamili, kaza kwa kipande kidogo sana cha mzunguko, kisha zungusha kutoka mwisho mpaka mwisho ukisikiliza kwa mikono. Ukikwama popote, umezidisha, rudisha. Ikiwa bado kuna mchezo mwingi, boksi inataka kufunguliwa na kutengenezwa.

Amortisa ya usukani, ile shokapu nyembamba iliyolala kwa mlalo, niiseme kwa ufupi. Ipo kumeza mapigo ya mawe. Watu huweka mpya usukani ukitetemeka, mtetemo unapungua, na beringi za kingipini zinaendelea kufa chini yake. Badilisha ikivuja, ila baada ya hayo yote.

Kazi ikiisha, rekebisha alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi ya mbele. Bila mashine inawezekana: weka alama katikati ya kila tairi la mbele, pima umbali kati ya alama mbili upande wa mbele, sogeza gari mpaka alama zifike nyuma kwa urefu uleule, pima tena. Mbele kuwe kufupi kuliko nyuma kwa milimita chache tu, kama kitabu kinavyosema. Funga vibano vya fimbo, weka kotapini mpya kwenye kila nati ya rotuli, kisha pima tena ule mchezo wa ukingo wa usukani uuandike.

Safari ya kwanza iwe ya njia mbaya lakini karibu, Nyangezi na kurudi inatosha. Ukifika nyumbani usiingie ndani kula kwanza. Rudi chini ya gari na spana, ukaze stadi za mikono, yubolti na bolti za boksi, kwa sababu visahani na nyuzi mpya hukaa baada ya kutikiswa, na nati iliyokuwa imekaza jana leo inaweza kukubali robo mzunguko.